Bibi Si Mkanda wa Majaribio

Bibi yangu mzaa mama alikataa kupigwa picha tangu akiwa kwao Newala mpaka alipohamia kwetu Kimara. "Mie si tangazo la sabuni," ndivyo alivyokuwaga akisema, halafu anageuza kiti, unabaki na kisogo. Simu za ukoo wetu zimejaa visogo vyake. Kuna kisogo cha Idi, kuna kisogo cha harusi ya shangazi, kuna kisogo kinakula muwa. Sura yenyewe ipo sehemu moja tu, kwenye kitambulisho, na pale anaonekana kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani, kuku mwenyewe bado yuko kwapani.

Alipofariki, mama alikaa na kile kitambulisho mkononi, anakigeuzageuza.

"Yaani mama yangu ndo akae ukutani kakasirika hivi?" akaniuliza.

Mie mdomo wangu una tabia ya kutangulia. "Si alikuwaga kakasirika kweli?"

Mama akanitazama. Nikaenda kuchota maji bila kutumwa.

Niseme mapema kwamba kwenye darasa letu mie ndiye mtu wa vituko. Mwalimu wa zamu akikuta chaki zimegeuka vipande vya muhogo haulizi nani, anauliza niko wapi. Kwa hiyo siku ya kuanua tanga, wakati watani walipoanza kazi yao ya kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke, nilikaa mbele kabisa, kama mwanafunzi anayesubiri mitihani ya vitendo.

Mtani wetu mkubwa ni mzee mmoja muuza samaki wa Kunduchi, ana sharubu nene kama brashi ya viatu. Aliingia chumbani kwa bibi bila hodi, kama haki ya mtani ilivyo, akatoka kavaa kanga za marehemu, ushungi mweupe kajifunika mpaka kwenye nyusi, fimbo mkononi, mgongo kaupinda. Akajikongoja mpaka kwenye kiti cha bibi chini ya turubai. Akakaa. Akakohoa kile kikohozi chenyewe.

"Nani kakanyaga mkeka wangu na miguu ya sokoni?" Sauti ilikuwa ya bibi, wallahi. "Nimekufa juzi tu mshaanza uchafu?"

Shangazi zangu wakapiga kelele. Wengine walicheka, wengine walilia, mmoja alifanya vyote viwili na chai ikamtoka puani. Mzee akanyanyuka, akaenda mpaka kwa mama, akamshika kidevu vilevile bibi alivyokuwaga akimshika. "Na wewe, pilau la jana chumvi ilikuwa nyingi." Mama ni mpishi wa shughuli, hakuna mtu Kimara nzima anayethubutu kumwambia habari za chumvi isipokuwa marehemu. Akaangua kicheko, kicheko kikamgeukia katikati kikawa kilio, akabaki kakishika kile kiganja cha mzee hataki kukiachia.

Na hayo yote niliyapiga picha.

Simu zilikuwa marufuku. Kwenye msiba wa kabla ya huu, binamu mmoja alimrekodi mtani, video ikasambaa hadi ikawekewa muziki wa singeli, marehemu akawa anazikwa huku watu wanakata mauno. Wazee wakasema safari hii atakayetoa simu, simu itazikwa. Lakini mie nilikuwa na kamera ya mkanda, dude la mjomba, kuukuu, zito kama pasi ya mkaa. Mzee mmoja aliniona nikiinyanyua akasema, "Muacheni mtoto na mwanasesere wake." Mwanasesere nikambonyeza mara tatu: bibi kakaa, bibi kainuka, bibi kamshika mama kidevu. Mkanda ukaishia hapohapo, nafasi nyingine nilishazimaliza kwa kuku na wadogo zangu.

Jioni nikamwambia mama. Nilitegemea kofi. Badala yake akatazama mlangoni, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunaiba, "Itatoka?"

"Itatoka, mama."

"Kabla ya arobaini?"

"Kabla ya arobaini."

"Maana yule pale hakuwa mtani, mwanangu. Kwa ile dakika, alikuwa mama." Akafuta macho kwa pindo la kanga. "Nataka niiweke ukutani."

Basi ikawa hivyo. Picha tatu za bibi ndani ya kopo dogo la plastiki, na mama yangu anaitaka moja.

Mkanda ule nilipewa na braza. Naomba nimweleze huyu mtu vizuri, kwa sababu ndiye mwenye kisa hiki. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, anaishi hosteli za Mabibo, na Jumamosi alikuwa anakuja Kimara kutufundisha tuisheni ya fizikia. Kijana wa bara, mrefu, shati limenyooshwa, Kiswahili chake kina milima kidogo lakini maneno anayapanga. Nyumbani kwetu mie ndiye mkubwa, nyuma yangu ni mabinti watupu, sijawahi kuwa na mtu wa kuniita mdogo wake. Yeye siku ya kwanza tu aliniita "mwanangu". Alinikuta na dude la mjomba, hakucheka. Akalifungua, akalipuliza vumbi, akanionyesha namna ya kupima mwanga kwa kuangalia kivuli changu mwenyewe. Jumamosi iliyofuata akaniletea mkanda wa picha nyeusi na nyeupe, akasema nipige ninachokipenda. Nilimwamini kuliko nilivyoiamini fizikia yake.

Lakini kupiga ni nusu ya ishu. Mkanda ukishapigwa lazima usafishwe, yaani utiwe dawa ndani ya kopo lisilopenya mwanga, picha zijitokeze kinyume, cheupe kiwe cheusi na cheusi kiwe cheupe. Na dawa si moja. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba watu wazima wanaweza kugombania dawa ya picha kama wanavyogombania mpira.

Nilianza kwa fundi picha mmoja Kinondoni, studio yake ya siku nyingi. Siku hizi anaishi kwa picha za pasipoti na kuwavalisha watu suti za kompyuta, lakini nyuma ya pazia bado ana sinki na chupa za kahawia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pasipoti au ya shule?"

Nikamweleza. Turubai, kivuli, mtu mweusi, ushungi mweupe, nje jua la saa sita. Akasikiliza huku anamkata mteja masikio kwenye kompyuta.

"Dawa ninayo," akasema. "Ya zamani, kali. Ushungi utatoka mweupe pee na uso mweusi tii."

"Na katikati?"

"Katikati ya nini?"

"Mikunjo, mzee. Ya uso."

"Unataka picha au unataka ramani?" Akacheka peke yake. "Yangu ni dawa ya kwenda kwenye karatasi, kijana. Kama unataka kwenda kwenye skana, nenda kwa watu wa skana. Lile dude linapenda vitu vyepesi kama mgonjwa wa tumbo."

Nikarudi na hilo swali kwa braza, baada ya tuisheni, wenzangu wameshatoka. Akafurahi mno. Akachora ubaoni.

"Sikiliza, mwanangu. Dawa kali inajaza masizi kwenye sehemu zilizopata mwanga mwingi. Huo ushungi kwenye negativu, ile picha ya kinyume, unakuwa mweusi kama sufuria, skana inamulika, mwanga haupenyi, unapata doa jeupe lisilo na kitu. Sasa dawa laini inafanya polepole. Negativu inatoka nyembamba, ukiitazama kwa macho unaona kama imefeli. Haijafeli. Kila kitu kimo. Skana inasoma yote, ule ukali unauongeza mwenyewe kwenye kompyuta, kama chumvi mezani."

Hapo mie nilikuwa nimeshakamatika. Chumvi mezani! Angekuwa mwalimu wa dini ningebadili dini.

"Na hiyo laini unayo?"

Akafungua begi, akatoa pakiti ya fedha, unga ndani, maandishi ya kizungu. "Hii hapa. Imetumwa kutoka nje. Ndiyo ya skana kabisa."

Nikampelekea mama taarifa. Mama alikuwa anachambua mchele wa shughuli ya watu, hakuinua kichwa.

"Huyo kaka yako, hiyo dawa kashawahi kuipika?"

"Haipikwi, mama, inachanganywa."

"Nakuuliza kashawahi? Mie sijaribu pilau geni siku ya harusi ya mtu. Nalipikia wanangu kwanza, mkihara mnahara nyie."

Kweli kabisa, tumeshahara sana kwa ajili ya maharusi wa Kimara. Jumamosi nikamfikishia braza maneno ya mama vilevile, pamoja na kuhara. Akacheka mpaka akaegemea ubao.

"Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Nimeshaipika mara kibao. Kwa bibi hatubahatishi."

Kwa bibi hatubahatishi. Nikaenda kumwambia mama hivyohivyo. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mchele wake. Kwake ilikuwa imeisha.

Siku ya kusafisha nilikwenda Mabibo mchana. Chumba chao kina vitanda vya juu na chini, nguo zimetundikwa dirishani, harufu ya maharage yanayochemka kwa siri kwenye jiko la umeme. Braza alikuwa amejiandaa. Kulikuwa na mfuko mweusi wenye mikono miwili. Unaingiza mkanda na kopo ndani, unatumbukiza mikono, unafanya kazi bila kuona. Alivyokuwa anahangaika mle ndani na macho kayaelekeza darini, nikamwambia, "Braza, kama unamzalisha mbuzi."

"Tulia, mtoto anakuja," akajibu. Tukacheka. Ndivyo tulivyokuwa.

Mkanda ulipoingia kwenye kopo, akachovya kipimajoto kwenye maji ya bomba, akasikitika. Maji ya Dar yanatoka ya moto kama chai, na dawa inataka maji ya baridi. "Mwanangu, kimbia sokoni kalete barafu. Hapo kwa wauza juisi."

Nikakimbia. Soko la Mabibo mchana ni vita ya ndizi na viazi, nilipita katikati ya magunia nikigongwa na matoroli, nikapata barafu ya mfuko, nikarudi nayo kifuani, shati limelowa chapa. Nilijiona mtu muhimu. Nilijiona nimembeba bibi.

Niliporudi dawa ilikuwa imeshachanganywa kwenye jagi. Ilikuwa ya kahawia iliyokolea, ina povu, inanuka vibaya, kitu kati ya soksi na bahari iliyooza.

"Mbona inanuka hivi?"

"Dawa nzuri huwa inanuka. Umeshaona dawa ya malaria ina marashi?"

Nikaona ni jibu. Mtu anayesoma kemia shuleni, ana alama nzuri tu, anaona hilo ni jibu. Tukaliweka jagi kwenye beseni la barafu, kipimajoto kikashuka, akamimina dawa kwenye kopo. Akanipa kazi ya kulipindua kopo juu chini, taratibu, nisipige mapovu. Nililipindua kama nabembeleza mtoto. Tukamwaga, tukasuuza, tukatia fiksa, ile dawa inayozuia picha isiendelee kubadilika, tukasuuza tena.

Mkanda ulipofunuliwa, sikuona kitu. Kulikuwa na rangi ya chai nyepesi na vivuli kama vya moshi.

"Imefeli?" nikauliza.

"Nilikwambiaje? Nyembamba. Skana itasoma." Lakini safari hii hakunitazama. Aliutundika mkanda kwenye kamba ya nguo kati ya taulo mbili, akautazama kwa karibu, muda mrefu, picha moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wake mwenyewe. Nilidhani anamtafuta bibi.

Akasema nirudi siku nyingine kuchukua picha, atakuwa ameshaskani.

Nilirudi. Braza hakuwepo, kaenda kununua vitafunio. Alikuwepo mwenzake wa chumbani, kalala kitanda cha chini, miguu imezidi kitanda inaning'inia nje. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na mikanda mingine imetundikwa, miwili, mizuri. Hata mie niliona. Ilikuwa ya kijivu safi, na ndani yake unaona watu, paa, waya za umeme, kila kitu.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Ya jamaa. Mradi wake wa kumaliza chuo." Akanikazia macho. "Ngoja, wewe ndo yule dogo wa mkanda wa majaribio?"

"Wa nini?"

"Si ile ya kahawa." Mtu wa watu, hakujua anasema nini. Alidhani najua. "Pole, mwanangu. Ile kahawa na vidonge vya vitamini na magadi haikuwa mchongo. Nilimwambia mie, magadi ya kulainishia maharage hayawezi kulainisha picha, akasema atajaribu kwanza, hana uhakika. Ilipofeli ndo akatumia ya pakiti kwenye yake. Umeona ilivyotoka? Moto."

Nilikaa kwenye ndoo. Haikuwa ya kukalia.

Sasa nikaelewa. Alikuwa na dawa mbili, na anatakiwa kuchagua moja kwa ajili ya mikanda yake. Ya pakiti ni chache, haipatikani hapa. Ya kahawa ya unga, vidonge vya vitamini na magadi ya soko la Mabibo anaweza kuitengeneza jagi zima. Akataka kujua kama ya kahawa inafaa kwa skana. Ili kujua, alihitaji mkanda. Mkanda wa mtu. Wakati nakimbizana na barafu kifuani kati ya magunia ya viazi, yeye alikuwa anakoroga, na pakiti ya fedha imelala begini, haijaguswa.

Braza akaingia na mfuko wa maandazi. Akaniona nilivyokaa, akamwona mwenzake, akaelewa. Mwenzake akakumbuka ana kitu cha kufanya nje.

"Dogo," akasema. Si mwanangu. Dogo.

"Ulisema umeshaipika mara kibao."

"Ya pakiti nimeshaipika."

"Kwenye mkanda wa bibi ulitia ya pakiti?"

Akaweka maandazi mezani. "Sikiliza. Kwa nadharia ilitakiwa ikubali. Watu kibao wanaitumia huko nje. Tatizo ni magadi, hayana nguvu ya ile soda ya kufulia yenyewe. Sasa tumejua."

"Tumejua nani?"

"Sayansi lazima ianze na mkanda wa mtu, dogo."

"Ungeanza na wako."

"Wangu ni wa chuo. Nikifeli narudia mwaka."

"Na wangu wa bibi."

Akatabasamu. Alikuwa anatafuta namna ya kuyafanya mambo mepesi, nilimwona kabisa anatafuta, kama ninavyotafutaga mie mbele ya mwalimu wa zamu. Akaipata. "Bibi si keshatangulia? Yeye hana haraka."

Kitu kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba ilikuwa ya kuchekesha. Ni maneno ambayo ningeyasema mie. Huenda aliyatoa kwangu, kwa miezi yote ile ya kukaa dawati la mbele nikimchekesha. Nikanyanyuka kwenye ndoo, nikanyoosha mkono anipe changu.

Akanipa flashi. "Nimeskani vizuri kadiri nilivyoweza. Moja imekubali kidogo."

Andazi sikula. Hilo ningependa lijulikane.

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi wa Kinondoni. Akachomeka flashi, tukatazama wote kwenye kompyuta. Picha mbili za bibi zilikuwa na michirizi ya kahawia tu, kama ukuta uliovujiwa na mvua. Ya tatu, ya bibi kamshika mama kidevu, ilikuwa ukungu. Ushungi ulionekana. Mgongo uliopinda ulionekana, na mkono, na fimbo. Uso ulikuwa kivuli laini, hauna jicho, hauna mdomo, hauna mkunjo hata mmoja. Mama naye alikuwa nusu tu, shavu na kicheko.

"Nani kakusafishia?" fundi akauliza.

"Kaka yangu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Mh." Akaichapa kubwa, akataka kuiwekea maua pembeni, nikakataa.

Njiani nilitunga namna ya kumwambia mama. Nilitunga ya kistaarabu na ya matusi. Nilipanga kuanza na magadi, kwa sababu magadi angeyaelewa upesi kuliko mtu yeyote: mtu katia magadi ya maharage kwenye sura ya mama yako. Nilimkuta uani anaosha masufuria. Nikampa bahasha, nikakaa pembeni, nikasubiri uso wake uanguke ili nianze.

Akafuta mikono. Akaitoa. Akaitazama.

Sufuria moja ikajaa maji ikamwagika. Kisha akaketi palepale kwenye sakafu yenye maji, na kanga yake nzuri.

"Sharubu hazipo," akasema.

"Nini?"

"Nilikuwa naogopa hilo tu. Nilijua nitamwona bibi, halafu nitaziona zile sharubu za mzee, nitacheka kila nikipita. Hazipo." Akapitisha kidole pale penye uso, pale pasipo na kitu. "Huyu si mtani. Huyu ni mama mwenyewe. Tazama alivyonishika."

Nikatazama. Nikaona ukungu. Halafu, kwa sababu mama alikuwa anatazama, nikaona.

"Mama, yule braza..."

"Yule kijana Mungu amlinde. Mie nilimtilia shaka bure." Alikuwa analia sasa, kilio kizuri, cha mtu aliyetua mzigo. "Mwalike arobaini. Nataka nimshukuru kwa mdomo wangu."

Maneno yote niliyoyatunga njiani yalikuwa tayari, yamepangwa mstari. Lakini niseme nini? Nikisema ile ni ajali, kwamba uso haupo kwa sababu mtu alimdanganya mama na kumgeuza bibi panya wa maabara, basi kila atakapoitazama ataona jagi la kahawa. Angekuwa na sharubu afadhali. Nikaokota sufuria, nikaanza kusugua.

Sikumwalika. Mama akampigia mwenyewe.

Arobaini alikuja na kanzu ya kuazima, ingawa Jumapili huwa anakwenda kanisani, akasalimia wazee shikamoo mmojammoja bila kuruka hata mmoja. Picha ilikuwa ukutani ndani ya fremu. Watu walikuwa wanaingia, wanaiona, wanasimama. Mzee wa Kunduchi naye alisimama mbele yake, sharubu zake mwenyewe usoni, akaikodolea.

"Huyu bibi mlimpiga lini?" akauliza. "Si alikuwa anakimbia kamera?"

Shangazi mmoja alitoka nje haraka, kanga mdomoni kuzuia kicheko.

Braza aliketishwa na wakubwa. Mama alimpakulia mwenyewe, nyama za juu, zile ambazo mie huwa naambiwa ni za wageni. Shangazi zangu walishamwita mwanetu. Mmoja alimuuliza ilikuwaje picha ikatoka na upole namna ile, mbona za simu huwa kali.

"Ni dawa, mama," akasema, sauti ya tuisheni. "Kuna dawa kali na dawa laini. Kwa picha ya kuskani lazima uchague kwa makini sana. Hii tuliichagua na mdogo wangu hapa."

Akanitazama. Hakukonyeza wala hakucheka. Nilimtafuta usoni, nikitarajia hata aibu kidogo, hata ule woga wa mtu anayejua kwamba unajua. Alikuwa anaamini. Kati ya Mabibo na Kimara alikuwa ameshageuka mtu aliyechagua kwa makini.

Jumamosi siendi tena tuisheni. Mama anasema ni uvivu wa kidato cha mtihani, na fizikia yangu kweli imeanza kuoza. Siku ile ya arobaini, lakini, aliniona nimekaa kimya kwenye kona ya mkeka, mtoto wake ambaye hajawahi kukaa kimya kwenye shughuli, akadhani nimesahau adabu.

"Wewe," akaniita mbele ya watu wote. "Umemshukuru kaka yako?"

Shangazi wote wakageuka. Mzee wa Kunduchi akageuka. Nilikuwa na utani mmoja mkali sana, kuhusu kahawa, ulikuwa umefika mpaka kwenye meno.

"Asante, braza," nikasema.

"Usijali, dogo," akajibu, akanyoosha mkono kuchukua kipande cha ndimu.